Spoila ya mbele: kipande kidogo kinachoshika gari chini

Vijana wengi wanaopenda magari huijua spoila ya mbele kwa macho. Ni kile kipande chembamba kinachofungwa chini ya parshoki, karibu kugusa ardhi, na kinachofanya gari lionekane kama limeinama kuvizia. Wengi hudhani ni pambo tu. Kumbe kipande hicho kilizaliwa kwa sababu ya hofu. Mashofere wa magari ya kasi waligundua kwamba gari likifika mwendo fulani, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani hausikii tena mkono. Mtu anakata kona, gari linaendelea mbele.

Historia ya kipande hicho inapita Ujerumani, Marekani na Japani, kisha inafika kwenye barabara za udongo za Afrika Mashariki. Ndani yake wamo pia watu wawili waliong'olewa makwao. Mmoja alifungiwa kambini akiwa bado mtoto. Mwingine alifukuzwa katika nchi aliyozaliwa, na miezi michache baadaye akashinda mashindano makubwa ya magari ya Afrika.

Upepo unaoinua gari

Gari linapokwenda, linapasua hewa. Sehemu ya hewa hupita juu ya boneti na paa, nyingine pembeni, nyingine huingia chini ya tumbo la gari. Paa la gari limepinda, na hewa inayopita juu ya kitu kilichopinda huongeza mwendo na kupunguza nguvu ya kukandamiza. Ndivyo bawa la ndege linavyofanya kazi. Hewa iliyobanwa chini, kati ya gari na barabara, nayo husukuma kwenda juu. Matokeo yake ni kwamba gari la kawaida, bila mwenyewe kujua, lina tabia kidogo ya kutaka kuruka.

Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa nguvu hiyo ni ndogo, hakuna anayeisikia. Lakini haikui sawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara 2, nguvu ya upepo inaongezeka mara 4. Ukiongezeka mara 3, nguvu inakuwa mara 9. Kwa hiyo gari lililotulia vizuri kwa kilomita 80 linaweza kuwa gari jingine kabisa kwa kilomita 200.

Spoila ya mbele inazuia hewa isiingie kwa wingi chini ya gari. Inaigawa, inaipeleka pembeni au kuielekeza kwenye radiata. Hewa ikipungua chini, msukumo wa kuinua pua nao unapungua, na matairi ya mbele yanarudi kukamata barabara. Kukamata huko ndiko kunakoruhusu kukata kona, na ndiko kunakoruhusu kufunga freni, maana gari linapopunguza mwendo ghafla, kazi kubwa hufanywa na freni za mbele.

Waliotangulia

Wazo la kutumia upepo kukandamiza gari ni la zamani. Tarehe 23 Mei 1928, Fritz von Opel aliendesha gari la roketi lililoitwa RAK 2 kwenye barabara ya AVUS huko Berlin, akafikia kilomita 238 kwa saa. Pembeni mwa gari hilo kulikuwa na mabawa mafupi yaliyogeuzwa: badala ya kuinua, yalikandamiza. Bila hayo, gari la namna ile lingeweza kupaa.

Mwaka wa 1956, mhandisi kijana wa Uswisi, Michael May, alifunga bawa kubwa juu ya gari lake la Porsche 550 na kulipeleka kwenye mashindano ya Nürburgring. Wasimamizi walilikataa. Miaka 10 ikapita kabla Mmarekani Jim Hall hajaleta Chaparral 2E, gari lenye bawa refu lililosimama juu ya nguzo mbili nyuma. Mwaka wa 1968 mabawa yakaingia katika mbio za Formula 1, na kila timu ikataka kuwa na lake, refu kuliko la jirani.

Hapo ndipo somo la kwanza likaja, nalo lilikuwa somo la kufunga. Tarehe 4 Mei 1969, katika mashindano ya Hispania kwenye barabara ya Montjuïc mjini Barcelona, mabawa ya magari mawili ya Lotus yalivunjika yakiwa katika mwendo mkali. Graham Hill alianguka kwanza akatoka mzima. Jochen Rindt, mwenzake wa timu moja, akaanguka mahali pale pale akavunjika pua. Mabawa yalikuwa yakifanya kazi yake vizuri, yakikandamiza gari kwa nguvu kubwa, lakini nguzo zilizoyabeba zilikuwa nyembamba mno. Wiki mbili baadaye, huko Monaco, mabawa marefu yalipigwa marufuku.

Tangu siku hizo mafundi walijua jambo moja: kipande kinachosaidia gari kwa nguvu nyingi kinaweza pia kuliangusha kwa nguvu hiyo hiyo kikiachia.

Porsche na pua nyepesi

Katika magari ya kawaida ya kuuzwa, tatizo la pua nyepesi lilijulikana sana kwa Porsche 911. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka wa 1963. Moteri yake iko nyuma kabisa, nyuma ya magurudumu ya nyuma. Uzito mwingi ukikaa nyuma, mbele panakuwa pepesi hata kabla upepo haujafanya kazi yake. Mashofere wasiozoea walishangaa kona ikiwageukia.

Kiwanda kilijaribu njia nyingi. Katika miaka ya kwanza vilifichwa vipande vizito ndani ya parshoki ya mbele, kulia na kushoto, ili kuipa pua uzito. Baadaye magurudumu ya nyuma yalisogezwa nyuma kwa milimita 57, ili moteri isining'inie sana. Kila njia ilisaidia kidogo, lakini kuongeza uzito kwenye gari la mbio ni kama kumpa mkimbiaji gunia la mchanga.

Kwa magari ya mwaka wa 1972, Porsche ilileta jibu lingine. Aina ya 911 S ilitoka kiwandani ikiwa na mdomo mdogo chini ya parshoki ya mbele. Haukuwa na uzito wa kutajwa, lakini ulipunguza hewa iliyopita chini ya gari. Wenye aina nyingine za 911 waliweza kuuagiza, na waliokuwa na magari ya zamani wakaanza kuutafuta kama kipuri na kuufunga wenyewe garajini.

Lakini pua ilipotulia, nyuma palianza kulalamika. Ndiyo maana mwezi wa Oktoba 1972, kwenye maonyesho ya Paris, ilitokea Carrera RS 2.7 yenye kifuniko cha nyuma kilichoinuka kama mkia wa bata. Porsche ilihitaji kuuza magari 500 ili gari hilo liruhusiwe katika mashindano. Yalitengenezwa 1,580. Mbele na nyuma vilikuwa vimeanza kusikilizana.

Mtoto wa kambi ya Manzanar

Huko Marekani, mmoja wa watu waliofanya spoila ijulikane kwa wanunuzi wa kawaida ni Larry Shinoda. Alizaliwa Los Angeles mwaka wa 1930 katika familia ya asili ya Kijapani. Baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi amri namba 9066, tarehe 19 Februari 1942. Kwa amri hiyo watu kama 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia wa Marekani kwa kuzaliwa, waliondolewa majumbani mwao na kupelekwa katika kambi zilizozungushiwa seng'enge. Familia nyingi zilibeba tu kile ambacho mikono iliweza kubeba. Shinoda na familia yake walipelekwa Manzanar, penye jangwa na vumbi, chini ya milima ya California.

Mtoto huyo alikuwa mchoraji. Alipotoka kambini akakua, alichora magari. Katika kampuni ya General Motors alifanya kazi kwenye Corvette Sting Ray ya mwaka wa 1963. Mchoro wa kwanza wa umbo la gari hilo ulikuwa umechorwa mwaka wa 1957 na kijana mwingine, Pete Brock, ambaye historia hii itakutana naye tena.

Mwaka wa 1968 Shinoda alihamia Ford. Huko kazi yake ilikuwa kuandaa Mustang ya kupambana na Camaro katika mashindano ya Trans-Am. Sheria ya mashindano hayo ilitaka magari yafanane na yale yanayouzwa kwa watu. Kwa hiyo spoila ikitakiwa kwenye mbio, lazima pia iuzwe dukani. Gari hilo, Boss 302, lilitoka mwaka wa 1969 likiwa na spoila nyeusi ya mbele.

Lakini spoila hiyo haikufungwa kiwandani. Iliwekwa ndani ya buti. Ilikuwa chini mno, na magari yalisafirishwa kwa kupandishwa na kushushwa kwenye malori na mabehewa, ingevunjika njiani. Mnunuzi alilipokea gari lake na kipande kikiwa nyuma, kisha yeye au fundi wa duka akakifunga. Mwaka wa 1970 Ford ikachukua ubingwa wa Trans-Am kwa gari hilo.

Datsun 240Z na karakana ya Pete Brock

Pete Brock naye alikuwa ameacha General Motors. Katika kampuni ya Carroll Shelby alichora Daytona Coupe, gari lililoshinda ubingwa wa dunia wa magari ya GT mwaka wa 1965. Baadaye akafungua karakana yake mwenyewe huko California, Brock Racing Enterprises, iliyojulikana kwa herufi BRE.

Wakati huo kampuni ya Nissan ilikuwa inauza magari yake Marekani kwa jina la Datsun. Wamarekani wengi waliyaona ni magari madogo ya watu wasio na uwezo. Mkuu wa kampuni huko, Yutaka Katayama, alitaka gari la michezo ambalo mfanyakazi wa kawaida angeweza kulinunua. Likatokea Datsun 240Z: moteri ya silinda 6, lita 2.4, boneti ndefu, na bei ya dola 3,526. Watu waliligombania.

Lilikuwa zuri, lakini kwa mwendo mkali lilikuwa na ugonjwa ule ule. Hewa iliingia kwa wingi kupitia mdomo wake mpana wa mbele na chini ya boneti, na pua ikawa nyepesi. Kwa mtu anayekwenda kazini hilo halikuwa tatizo. Kwa shofere wa mashindano lilikuwa hatari.

BRE ilitengeneza kipande cha fibaglasi kilichofungwa chini ya pua ya 240Z. Kilijulikana kwa jina la Spook. Dereva John Morton alishinda ubingwa wa taifa wa Marekani katika daraja lake mwaka wa 1970 na tena 1971 akiwa na 240Z ya BRE yenye namba 46. Watu waliokuwa na 240Z nyumbani waliona gari lao likishinda, wakataka kile kipande. Nacho kiliuzwa. Huo ni mfano wa biashara ya vipuri vya namna hii: kampuni ndogo, isiyo na kiwanda cha magari, inauza kipande cha kurekebisha gari la kampuni kubwa.

Japani nayo haikukaa kimya. Mwaka wa 1971 Nissan yenyewe ilitoa Fairlady 240ZG kwa soko la nyumbani. Gari hilo lilikuwa na pua ndefu iliyoongezwa mbele ili kupasua hewa vizuri zaidi. Kile ambacho garaji zilikuwa zimeanza kukifanya, kiwanda kikakiandika katika orodha yake ya mauzo.

Brock baadaye aliacha mbio za magari kwa miaka mingi, akaanzisha kampuni ya kutengeneza mabawa ya kitambaa ambayo mtu huning'inia na kuruka nayo kutoka mlimani. Mtu aliyefundisha magari kukaa chini akageuka kufundisha watu kuruka. Elimu ni ile ile ya upepo.

Kufunga: kazi ya saa chache, madhara ya miaka mingi

Mwenye gari wa miaka ile aliyepokea spoila ndani ya sanduku alikuwa na kazi ya Jumamosi moja. Kazi hiyo haijabadilika sana hadi leo.

Fundi mzuri hainui gari kwa jeki peke yake kisha akaingia chini. Anaweka vigingi imara, maana jeki huteleza na gari halina huruma. Kisha anaipima spoila kabla ya kutoboa tundu lolote. Anaishikilia mahali pake kwa gundi ya karatasi, anasimama mbali na kutazama kama imelala sawa kulia na kushoto. Fibaglasi iliyomwagwa kwa mkono mara nyingi haifanani na chuma inachofungwa; lazima isuguliwe kwa msasa hapa na pale. Asiye na subira huilazimisha kwa skrubu, ikavutika, na baada ya wiki chache ikapasuka kwenye tundu.

Kisha anageuza usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, ahakikishe tairi haligusi. Analishusha gari, anaangalia tena, maana gari likibeba watu linashuka zaidi. Anahakikisha njia ya hewa ya radiata na ya freni haikuzibwa. Anakumbuka pia ndoano ya kuvutia gari: siku gari likikwama, kamba itafungwa wapi?

Tundu linapotobolewa katika chuma, rangi ya kuzuia kutu inapakwa kabla ya skrubu kuingia. Nyuma ya fibaglasi inawekwa washa pana, ili nguvu isikae mahali pamoja. Nati iwe ya kujifunga, isiyolegea kwa mtikisiko. Baada ya safari ya kwanza, fundi anarudi chini ya gari kukaza tena.

Sababu ya uangalifu huo inarudi kwenye somo la Montjuïc. Spoila iliyolegea kwa kilomita 30 hupiga kelele tu. Ikiachia kwa kilomita 150 inaingia chini ya tairi la mbele, au inaruka na kumgonga mwenye pikipiki aliye nyuma.

Kutoka kazi hadi pambo

Mwaka wa 1973 BMW ilionyesha Frankfurt gari dogo la 2002 Turbo. Mbele palikuwa na spoila kubwa, na juu yake neno "turbo" lililoandikwa kinyumenyume, ili shofere aliye mbele alisome sawasawa kwenye kioo chake na kupisha njia. Watu wengi Ujerumani walikasirika. Waliona ni kuchochea ubabe barabarani. Muda mfupi baadaye, mwezi wa Oktoba, ukaja mgogoro wa mafuta, bei ikapanda, na gari la namna hiyo likakosa wakati wake. Yalitengenezwa 1,672 tu.

Gari lile lilionyesha mabadiliko. Spoila ilikuwa imeanza kusema na watu, si na upepo peke yake. Katika miaka iliyofuata vijana wa Japani walifunga midomo mirefu mno mbele ya magari yao, iliyokwangua barabara. Katika miji mingi ya dunia ziliuzwa spoila za plastiki ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzipima kwenye upepo. Nyingine hazikusaidia chochote. Nyingine ziliziba hewa ya radiata, moteri ikachemka.

Ujerumani iliweka utaratibu mkali: kipande kinachoongezwa kwenye gari lazima kiwe na karatasi za kuthibitisha usalama wake au kikaguliwe na shirika kama TÜV. Kukifunga bila hivyo kunaweza kulifanya gari lipoteze ruhusa ya kutembea barabarani.

Lakini hata viwanda vikubwa havikuwa salama. Audi TT ilipotoka mwaka wa 1998 ilisifiwa kwa umbo lake la mviringo. Kisha zikaja habari za ajali za mwendo mkali kwenye barabara kuu za Ujerumani, na watu walikufa. Gari lilikuwa likipoteza utulivu upande wa nyuma. Kampuni ikayaita magari yarudi, ikayafungia spoila ndogo nyuma na kurekebisha sehemu nyingine. Waliopenda umbo la kwanza walisema gari limeharibiwa uzuri. Ajali zile zilikuwa zimeshajibu.

Jambo hilo linamhusu pia mtu anayefunga spoila ya mbele peke yake. Akiikandamiza pua sana na kusahau nyuma, anaweza kuhamisha ugonjwa kutoka mbele kwenda nyuma. Gari ni kama mzigo kwenye mizani: ukigusa upande mmoja, mwingine unajibu.

Datsun ile ile, barabara nyingine

Wakati John Morton anashinda California kwa 240Z yenye spoila chini kabisa, 240Z nyingine zilikuwa zinashinda Afrika bila mdomo huo. Mashindano ya Safari yalianza mwaka wa 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na yalipita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika. Ni barabara za vumbi, matope, mawe na mito iliyofurika, zenye watu na wanyama.

Mwaka wa 1971 Edgar Herrmann, aliyeishi Kenya, na Hans Schüller walishinda Safari kwa 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta, kwa gari la aina hiyo hiyo. Mbele ya magari yale palifungwa taa kubwa za ziada, na chini ya moteri bamba nene la kupokea mapigo ya mawe. Spoila ya California ingekufa kabla ya mchana. Mafundi wa Nissan hawakuwa wamesahau elimu ya upepo. Walijua tu kwamba adui wa Safari si upepo, ni jiwe.

Mehta alizaliwa Kampala mwaka wa 1945. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Maelfu ya familia ziliacha nyumba, maduka na mashamba. Mehta na jamaa zake walikuwa miongoni mwa waliopoteza Uganda, naye akahamia Kenya. Pasaka iliyofuata, mwezi wa Aprili 1973, alisimama kwenye mstari wa kuanzia akiwa na Lofty Drews, ndani ya 240Z.

Mashindano yalipokwisha, Mehta na Harry Källström wa Sweden, aliyeendesha Datsun nyingine, walikuwa na pointi sawa kabisa. Wasimamizi wakaangalia ni nani aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kupata adhabu. Alikuwa Mehta. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rali, na mshindi wake Afrika akawa mtu ambaye miezi michache nyuma alikuwa amefukuzwa nchini mwake. Alishinda tena mwaka wa 1979, 1980, 1981 na 1982. Alifariki mwaka wa 2006.

Barabara ndiyo inayoamua

Magari mengi ya mitumba yanayofika mashariki mwa Kongo hutoka Japani na kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Mengine huja yakiwa na mdomo wa plastiki mbele. Kwenye lami ya Japani mdomo huo ulikuwa na kazi. Goma, ambako Nyiragongo ilimwaga moto Januari 2002 na tena Mei 2021, mitaa mingi ina mawe makali ya volkano. Hapo mdomo huo hupasuka, au fundi huutoa kabla haujang'oka wenyewe. Kwa mwendo wa kilomita 20 au 30 kwa saa hakuna kinachopotea, kwa sababu upepo wa mwendo huo hauinui pua ya gari lolote.

Lakini ugonjwa wenyewe, ule wa pua nyepesi, haukubaki kwa Porsche. Unaonekana kila siku barabarani, wala hauhitaji kasi. Familia inapohama kwa haraka, magodoro, magunia, masufuria na watu hupakiwa nyuma hadi gari linakaa kama mbwa aliyekalia mkia. Mzigo uliopita magurudumu ya nyuma unainua mbele, kama moteri ya 911 ilivyofanya. Usukani unakuwa laini. Kwenye mteremko wa matope freni za mbele hazikamati, kwa sababu tairi halina uzito wa kulibana kwenye ardhi. Hakuna spoila inayotibu hali hiyo. Dawa yake ni kupanga mzigo: vitu vizito viwekwe chini na mbele, karibu na kiti cha shofere, vyepesi nyuma na juu, na visivyoenea vingoje safari ya pili. Shofere akisikia usukani umekuwa mwepesi kuliko kawaida, hiyo si raha. Ni gari linamwambia kwamba magurudumu ya mbele yanakaribia kuacha kazi, na huo ndio wakati wa kusimama na kupanga mzigo upya.